Rafiki Aliyemkimbia Baba Yangu

Mara ya kwanza rafiki yangu alipomkimbia baba yangu, tulikuwa tumebakiza sura mbili kumaliza kitabu. Tulikuwa tunatoka shule, mimi nasoma kwa sauti huku natembea, yeye ameniwekea mkono begani aniongoze nisiingie kwenye madimbwi, maana njia ya Bondeni wakati wa masika si njia, ni mfereji wenye watu. Baba akatokea kwenye kona, yuko juu ya baiskeli, nyuma amefunga gunia la pumba. Nikainua mkono kumpungia. Hapo hapo ule mkono uliokuwa begani mwangu ukaondoka. Nilipogeuka, rafiki yangu alikuwa ameshavuka mtaro, ameingia kwenye shamba la kakao la watu, amechuchumaa ametugeuzia mgongo, na ile kanga aliyokuwa amefungia madaftari amejifunika kichwa kizima. Madaftari yenyewe yalikuwa yametapakaa kwenye matope.

Baba naye, badala ya kuuliza kuna nini, alikohoa kwa nguvu kama mtu aliyepaliwa, akageuza uso akatazama upande mwingine ambako hakukuwa na kitu cha kutazama, akapita. Hakunisemesha hata mimi, binti yake wa kumzaa.

Niliduwaa katikati ya njia na kitabu mkononi. Rafiki yangu alipotoka kwenye kakao alikuwa anafuta madaftari kwa pindo la kanga. Nikamuuliza, "Vipi?" Akasema, "Twende tu, endelea kusoma." Nikaendelea kusoma, lakini sikumbuki neno moja la ukurasa ule.

Ili mtu aelewe kwa nini jambo hilo lilinitia hofu kiasi kile, lazima nieleze tulifikaje Kyela. Nilizaliwa Morogoro. Baba alifanya kazi kiwandani, na wafanyakazi walipoanza kupunguzwa, yeye alikuwa kwenye kundi la mwanzo. Alikaa nyumbani miezi kadhaa akivaa shati la kazini kila asubuhi bila kwenda popote, halafu siku moja akasema tunarudi kwao. Mama yangu ni Mluguru. Huko "kwao" alikuwa amekuja mara moja tu, kuzika. Kwa hiyo tulifika Kyela mama na mimi tukiwa wageni, na baba akiwa mgeni asiyetaka kukiri. Mwenyeji halisi wa nyumba alikuwa kaka yangu wa baba mmoja, aliyelelewa huko na bibi tangu mdogo. Alikuwa kijana wa umri wa kuoa, mfanyabiashara wa Kasumulu: anavusha mchele kwenda Malawi, anarudi na sabuni, sukari na viatu vya plastiki.

Shuleni nilikuwa kituko. Mapumziko yakifika wenzangu wote walihamia kwenye Kinyakyusa, nami nikabaki na Kiswahili changu, ambacho walisema ni cha redioni. Nikiamkia mtu mzima njiani kwa shikamoo, wao walikuwa wameshasema "ugonile" na kuitikiwa na kuulizwa habari za ng'ombe. Hakuna aliyenionea, tafadhali nieleweke. Walinistahi tu kama mtu anavyomstahi mgeni ambaye atalala siku mbili aondoke. Afadhali wangenichokoza.

Kilichoniokoa ni boksi la vitabu. Miaka ile wachapishaji wa watu binafsi walikuwa wameanza kuchipuka Dar es Salaam, na mwalimu wetu wa Kiswahili, mama mmoja mwembamba asiyecheka, alirudi likizo na boksi zima la riwaya mpya za vijana. Nasema mpya kwa maana zote mbili: karatasi zilinukia wino, na mambo yaliyokuwemo hatukuwahi kuyaona kitabuni. Vitabu vya hadithi tulivyovizoea vilikuwa na mashujaa wa zamani, au sungura wanaosema, au watu wazima wenye makosa makubwa. Mtu wa miaka kumi na tano hakuwemo. Sasa ghafla alikuwemo, ana chunusi, anagombana na mama yake kwa sababu ya nywele.

Kitabu nilichopewa kilikuwa cha msichana aliyehamia shule mpya katikati ya muhula. Anakaa peke yake mwezi mzima, mpaka siku anapopewa adhabu ya kufyeka pamoja na wenzake wawili nyuma ya jiko la shule. Wanafyeka, wanapanda mchicha pale palipofyekwa, na kwenye ule mchicha wanakuwa marafiki wa kufa na kuzikana. Nilipofika ukurasa wa kumi nilikuwa nalia hadharani, bila haya.

Nakala zilikuwa chache, kila kitabu watu wawili. Msichana aliyepangiwa kusoma na mimi ndiye huyo rafiki yangu. Alinizidi miaka mitatu, maana alichelewa kuanza shule; wakati wenzake wako darasani yeye alikuwa analea wadogo zake na kulinda mpunga shambani. Alikuwa na mabega mapana na sauti nzito, na alisoma kwa kufuata mstari kwa kidole. Alikuja akakaa kwenye benchi langu bila kuomba, akasema, "Soma wewe, mimi nasikiliza." Kuanzia siku hiyo nikawa na mtu.

Tulisomea nyumbani kwetu, kwenye kibaraza, tukiwa tumeanika mpunga uani na kuku tunawafukuza kwa zamu. Rafiki yangu hakuwa msomaji mpole. Kila baada ya kurasa chache alinisimamisha. "Huyu binti ni wa nani?" Nikamwambia jina lake. "Sijauliza jina. Ni wa nani? Shangazi zake wako wapi? Anakaa mwezi mzima hana mtu, na ukoo mzima umenyamaza?" Nilimwambia hicho ni kitabu, mwandishi hawezi kuweka ukoo mzima. Akasema basi mwandishi ni mvivu. Tulicheka mpaka kuku wakashiba mpunga na mama akatoka na mwiko.

Kaka yangu naye alipenda kukaa karibu tukisoma. Alikuwa na redio yake ya mkulima, ile ndogo ya betri, ambayo haikuwa mbovu, lakini aliifungua kwa bisibisi na kuifunga kila jioni pale pale kwenye ngazi. Akirudi kutoka Kasumulu, jambo la kwanza aliuliza, "Wamefikia wapi?" Mimi nilifurahi kuona mfanyabiashara wa sabuni anapenda fasihi.

Na mimi, katika furaha yangu ya kupata rafiki, nilikuwa nikimwambia maneno ya kwenye kitabu. Tusiachane. Hata tukimaliza shule tusiachane. Natamani ungekuwa ndugu yangu kabisa. Yeye alikuwa haitikii, anatazama tu mpunga. Nilidhani anaona haya.

Ndipo likatokea lile la kwenye kakao.

Wiki ile ile likatokea tena. Tulikuwa sokoni kwenye vyungu vinavyoletwa kutoka Lyulilo kando ya ziwa, rafiki yangu ameinama anagonga chungu kwa kidole asikie kama kina ufa. Nikasikia kikohozi cha baba nyuma yetu. Mwenzangu aliacha kile chungu hewani, nusura kivunjike, akapenya katikati ya wauza ndizi na kutoweka. Baba aligeuza baiskeli akarudi alikotoka, na kitu alichotaka kununua hakununua. Muuza vyungu, mama wa Kikisi, wale wafinyanzi wa ziwani, akatabasamu mwenyewe kama aliyeona jambo zuri. Tabasamu lile lilinichoma. Nilijiambia: hata huyu anajua, na anacheka!

Tangu hapo rafiki yangu hakukanyaga tena kwenye kibaraza chetu. Nikimwita anasema ana kazi. Nikisema twende nyumbani tumalizie kitabu, anasema niende nacho, atakuja kusikia siku nyingine. Na baba yangu, mtu mkimya, mtu aliyekuwa ananimenyea muwa mpaka nimekuwa mkubwa, nikaanza kumtazama kwa jicho jingine. Msichana mkubwa anamkimbia mwanaume mtu mzima, na yule mwanaume anatazama pembeni. Nilikuwa na miaka kumi na tano lakini sikuwa mjinga. Niliacha kumwamkia asubuhi. Chakula nilimwekea mezani nikaondoka. Usiku nilikuwa silali, nasikia joto la Kyela limenikaa kifuani na mbu wananila, nawaza kwamba nimekuja nchi ya watu kupata rafiki, na baba yangu mwenyewe ameniharibia.

Mwishowe nilimwambia mama. Mama yangu hana breki. Alisubiri baba akae kula mchana, akamwondolea sahani mbele yake.

"Umemfanya nini mtoto wa watu?"

"Mtoto gani?"

"Rafiki wa mwanao. Anakukimbia barabarani, anakukimbia sokoni. Mwanamke hakimbii bure. Sema mbele ya mtoto."

Baba alitutazama mmoja mmoja. Kwanza nilidhani anatafuta uongo. Halafu mabega yakaanza kumtikisika, nikaona anacheka, anacheka mpaka machozi yanatoka, nami nikamchukia kwa dakika nzima kuliko nilivyowahi kumchukia mtu. Alipotulia akajifuta uso.

"Mlitaka anisalimie? Yule ni mkwe wangu."

"Mkwe wa nani?" mama akauliza.

"Wangu. Amechumbiwa na kijana wetu. Ng'ombe wa uchumba wameshapokelewa. Huku kwetu, tangu siku hiyo, mwanamke hakutani na baba mkwe wake. Hamwangalii usoni, hali chakula mahali alipo, jina lake halitaji. Na mimi vivyo hivyo, nikimwona ninakohoa, ninapisha. Ndiyo heshima yenyewe. Yule binti amelelewa vizuri sana."

Alisema hivyo kwa fahari, kama anamsifia mtu aliyefaulu mtihani. Mama alikuwa bado ameshika sahani. "Nimeozesha lini mimi bila kujua?" akauliza. Baba akaanza kueleza kwamba mambo haya huanza na shangazi, na shangazi walikwenda, na yeye alidhani mama ameambiwa na wanawake wenzake. Mama akasema wanawake wenzake wanaongea lugha gani hata wamwambie. Wakaanza ugomvi wao, mkubwa, uliokuwa unasubiri tangu Morogoro.

Mimi sikuwasikia. Nilishika neno moja tu: amechumbiwa. Nilikuwa nimejiandaa kusikia jambo baya juu ya baba yangu, nimekaza moyo kulipokea, kumbe jambo lenyewe limetokea upande mwingine kabisa, kwenye ngazi za kibaraza, na redio isiyo mbovu.

Nilitoka mbio mpaka kwao. Ni mwendo, na mvua ilikuwa imeanza tena. Nilimkuta chini ya upenu wa jiko anachambua usipa kwenye ungo, dagaa wale wa ziwani, na wadogo zake wamemzunguka wanasubiri kichwa kimoja kimoja. Sikumsalimia.

"Unaolewa na kaka yangu?"

Akainua uso, naye akashangaa. Alishangaa kweli, sikuwahi kumwona hivyo. "Ulikuwa hujui?"

"Nani kaniambia?"

"Nyumbani kwenu wote wanajua! Mimi nilidhani unajua tangu mwanzo. Siku ile ulivyonikumbatia shuleni, nikasema huyu amefurahi."

Siku ile nilimkumbatia kwa sababu wale wa kwenye kitabu walikuwa wamevuna mchicha. Nilishindwa kumwambia. Nikamuuliza shule je. Tulikuwa tunakwenda kwenye mtihani wa kidato cha pili, tulishapanga tutakaa pamoja kusoma, mwalimu alishatuahidi taa ya chemli.

"Shule nimeshamalizana nayo," akasema, mikono yake ikiendelea kuchambua. "Baba alishasema nitaacha, hata kabla hujaja huku. Mafuriko yamekula mpunga, wadogo zangu hawa wanataka kuanza shule. Alikuja mtu mmoja wa mpakani, mtu mzima, ana wake wawili. Wazee walikuwa wanamfikiria. Halafu akaja kaka yako. Mama akaniuliza, nikasema huyu. Nikasema haraka, kabla hawajageuza."

"Unampenda?"

Alifikiri. "Si mbaya. Hanywi. Lakini mimi sikusema huyu kwa ajili yake." Akanitazama, na alikuwa anatabasamu. "Si ulikuwa unasema tusiachane? Si ulisema natamani ungekuwa ndugu yangu? Wewe ulidhani tutafanyaje?"

Nikakamua maji ya mvua kwenye pindo la sketi yangu.

"Wale wa kwenye kitabu walifanyaje mwishoni?" akauliza. "Ulishamaliza?"

"Waliapa."

"Waliapa tu?"

"Waliapa kwamba hawataachana."

"Halafu?"

"Basi. Kikaisha."

Alicheka kwa ile sauti yake nzito mpaka usipa wakamwagika. "Kuapa kila mtu anaweza," akasema. "Mimi nimekuja kwenu."

Nilikuwa na maneno kichwani, mengi, yale tuliyoandikishwa na mwalimu kuhusu elimu ya mtoto wa kike. Nilikwenda nayo njia nzima nikiyapanga. Hakuna hata moja lililotoka. Nilikaa chini kwenye kigogo, nimelowa, nikaanza kuchambua usipa pamoja naye, kwa sababu mikono yangu ilihitaji kazi. Hakuna mtu aliyewahi kunifanyia jambo kubwa kama lile, na sikulitaka, na sikuweza kumwambia silitaki. Mpaka leo nakumbuka jinsi alivyokuwa ametulia.

Siku hizi kazi yangu ni kusoma miswada, na riwaya za vijana naletewa kwa rundo. Nyingine ni nzuri sana. Lakini kila nikifika pale ambapo marafiki wanashikana mikono na kuahidiana, nachukua kalamu nyekundu na kuandika pembeni: kwa njia gani? Waandishi wachanga wananiona mkorofi. Mmoja alinipigia simu kulalamika kwamba urafiki hauhitaji maelezo. Nilimwambia alete maelezo au alete kitabu kingine.

Harusi ilifungwa baada ya mavuno. Wachungaji waliombea, wazee wakacheza, nyama ikaliwa. Kaka alikuwa amejenga vyumba viwili ng'ambo ya migomba, mbali kidogo na nyumba ya baba, kama inavyotakiwa. Nami nikagundua taratibu ni ndugu wa namna gani niliyempata. Kwenye kibaraza chetu hakuweza kukaa tena, maana ni cha baba. Mlango wa mbele hakuutumia. Alipita nyuma, kwenye kijia cha jikoni, na kabla hajatokeza anasimama kwanza nyuma ya mgomba kusikiliza. Baba naye akirudi alikuwa anaanza kukohoa tangu kwenye kona ya barabara, kwa adabu, ili ampe nafasi ya kuondoka. Mama mwanzoni alikasirika, akasema nyumba imekuwa ya watu wanaojificha. Baadaye akazoea, hata yeye akawa akisikia kikohozi anasema, "Haya binti, baba yako huyo," na anamshikia ungo.

Lakini kati ya kikohozi na kikohozi tulikuwa pamoja. Asubuhi kabla sijaenda shule tulichota maji wote. Jioni nilimsomea masomo ya siku ile nyuma ya jiko, naye anatwanga, ananiuliza maswali ambayo mwalimu hajawahi kuniuliza. Wanawake wa mtaa walianza kuniita wifi ya fulani, na kwa hilo wakaanza kunisalimia kwa Kinyakyusa, wakisubiri nijibu, na nikakosea, na wakanicheka kama wanavyomcheka mtu wao. Nilikuwa nimepata wenyeji. Nilikuwa na furaha, nasema wazi, na nilijishangaa.

Matokeo ya mtihani yalipotoka nilikuwa nimefaulu vizuri. Baba alirudi mchana kutoka kwa mwalimu mkuu, na siku hiyo alikohoa kidogo tu kwa ile haraka ya furaha. Mwenzangu alikuwa anatwanga uani. Alikimbilia nyuma ya jiko na mchi wake na kinu akakiburura. Baba akasimama katikati ya ua, kofia mkononi, akaniita mimi na mama.

"Nilikuwa naogopa kusema kabla," akasema. "Nafasi ya bweni ipo, Tukuyu, shule nzuri. Mwaka jana nisingeweza, mama yako angebaki na kazi zote hizi peke yake, mgeni, hana mtu. Sasa tumepata msaada nyumbani. Mkwe anafanya kazi ya watu wawili. Unaweza kwenda."

Mama alinitazama, kisha akatazama jikoni. Nyuma ya jiko mchi ulikuwa umeanza kupiga, ukanyamaza. Nilisubiri sauti ya rafiki yangu. Alikuwa hatua chache tu kutoka kwangu, ukuta wa udongo katikati yetu, na alikuwa amesikia kila neno, na maadamu baba amesimama pale hakuweza kutoka wala kusema kitu. Baba alikuwa anaendelea kueleza habari za godoro na sanduku la bati, na gari la kupanda milimani, na kwamba huko kuna baridi nitahitaji sweta.

Kisha kule nyuma ya jiko akaanza kutwanga tena, kwa nguvu, na baba akainua sauti kidogo ili nimsikie.